Udongo wa Kambi Tano

Justa Kapinga alikuwa na mashine moja ya fotokopi, kompyuta mbili, na wafu mia nne na kitu. Mashine na kompyuta zilikaa kwenye steshenari yake nyuma ya stendi ya Korogwe, chumba chembamba chenye feni inayolalamika. Wafu walikaa kwenye simu yake.

Aliwakusanya bila kukusudia. Miaka sita iliyopita mama mmoja alimletea kadi iliyochakaa, rangi ya chai, akaomba itolewe kopi kisha itiwe plastiki. Kilikuwa kipande cha marehemu mume wake, kadi ya kazi ya shamba la mkonge: jina, kwao, na visanduku thelathini vya siku thelathini, kila siku aliyokata mkonge ikatiwa alama. "Ndiyo picha yake pekee niliyobaki nayo," yule mama alisema, ingawa kadi haikuwa na picha yoyote. Justa aliomba ruhusa, akaipiga picha kwa simu, akaiweka Facebook na maneno machache: huyu alitoka Kasulu, alikuja kukata mkonge huku, hakurudi, mwenye kumfahamu aseme. Siku ya nne mtu wa Kasulu akasema.

Basi ukurasa ukazaliwa, akauita Watoto wa Kipande. Bonde la Korogwe limejaa watoto wa namna hiyo, wajukuu wa manamba walioletwa kwa malori na treni kutoka Songea, Mbinga, Kigoma na hata Urundi, wakakata mkonge, wakaoa, wakazaa, mashamba yakafa, wao wakabaki. Mzigua, mwenyeji wa huku, ukimuuliza kwao ni wapi atakunyooshea kidole. Mjukuu wa manamba atakutajia stesheni ya treni. Watu hao walimletea Justa kadi zilizotunzwa ndani ya Biblia, ndani ya misahafu, chini ya magodoro. Yeye alizipiga picha, akaandika maneno yale yale, akangoja. Ukurasa ukafikisha wafuasi elfu kumi na moja. Mara kwa mara ndugu walipatana, wakalia kwenye simu za video, wakamwita dada, wakamwombea kwa Mungu.

Kadi ya kwao wenyewe aliiweka mwisho kabisa. Aliipata wakati baba yake, mzee Lukas, alipofariki, ikiwa ndani ya bati la biskuti: Yordani Kapinga, kwao Mbinga. Yordani alikuwa babu yake, aliyemzaa Lukas. Justa aliipiga picha kadi, akaipiga na msalaba wa saruji wa kaburi la babu kule Kambi Tano, akaziweka zote mbili pamoja. Wiki tatu baadaye kijana mmoja wa Mbinga, mwalimu wa sekondari aitwaye Denis, aliandika: Huyu ni baba wa babu yangu. Babu yangu yu hai. Tupigie.

Akapiga. Kwenye kioo cha simu akatokea mzee wa miaka sabini na mitano, koti limefungwa vifungo vyote, jina lake Elisha Kapinga. Alikuwa na miaka minne baba yake alipoondoka kwenda mkonge. Alisogeza uso karibu na kioo.

"Una paji la uso la kwetu," akasema. "Mimi ni baba yako mkubwa."

Justa alilia mchana ule mpaka wateja wakajihudumia wenyewe.

Kisha akampigia shangazi yake Grasiana, Handeni, ampe habari njema. Grasiana ndiye mtoto pekee wa babu aliyebaki hai upande wa huku. Alisikiliza habari yote ya Mbinga, ya mzee Elisha, ya paji la uso.

"Njoo," shangazi akasema.

"Nije lini, shangazi?"

"Kesho. Na hiyo picha iondoe."

"Watu mia tatu wameshaiona."

"Basi njoo tu."

Alimkuta Grasiana uani kwake, Chanika ya huko huko Handeni, amekaa juu ya mkeka anapukuchua mahindi. Handeni ilikuwa kavu, vumbi la barabarani limepanda hadi kwenye majani ya mipapai.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umenenepa. Kumbe wafu wanalipa." Akamsogezea muhindi. "Kaa, saidia. Mikono ikiwa na kazi, masikio yanasikia vizuri."

Justa akakaa, akaanza kupukuchua.

"Baba yangu hakuwa Yordani," Grasiana akasema. "Hakutoka Mbinga. Mbinga hakuwahi kufika hata siku moja. Alikuwa Mzigua wa hapa hapa Handeni. Sabiri, mtoto wa Mhina."

Aliendelea kupukuchua huku akisimulia, macho kwenye ungo. Ilikuwa wakati wa njaa. Sabiri, kijana wa miaka ishirini na kitu, alitembea kwa miguu hadi mashamba ya mkonge. Lakini mwenyeji alichukuliwa kibarua wa kutwa tu. Posho ya unga na maharage, na chumba cha kulala, vilikuwa vya manamba waliotoka mbali. Manamba mmoja wa Mbinga alimwonea huruma, akamlaza kwenye chumba chake na kumgawia posho yake. Huyo ndiye aliyekuwa Yordani. Mvua za vuli za mwaka hamsini na saba, Yordani akashikwa na homa. Siku ya tatu akafa. Kipande chake kilikuwa na alama kumi na tisa.

"Nyapara hakutaka maneno na wakubwa," Grasiana alisema. "Mtu akifa ni makaratasi. Akamwambia baba, wewe ndiye uliyelala naye, mzike. Na kesho asubuhi jina hili likiitwa uwanjani, itika. Alikuwa na njaa, Justa. Akaitika. Akaitika miaka arobaini na moja."

"Si angesema baadaye?"

"Baadaye lini? Alipobatizwa kwa jina hilo? Alipofunga ndoa kwalo? Alipotuandikisha shule sisi?" Grasiana alitupa gunzi pembeni. "Nilikuwa na miaka tisa aliponileta Handeni siku ya gulio. Akanunua ukwaju kwa bibi mmoja mzee, ukwaju wa kulisha kijiji, hakuomba hata apunguziwe. Njiani akaniambia, yule ni mama yangu. Nikamuuliza kwa nini hukumwambia. Akasema, ameshamlilia Sabiri akamaliza. Nimrudishie Yordani?"

Kuku alipita kati yao akadonoa punje. Hakuna aliyemfukuza.

"Ndiyo maana nilipoposwa Handeni nilikubali kabla mshenga hajafika mwisho wa maneno yake. Pale pale gulioni sasa anauza Munira, kitukuu wa yule bibi. Nanunua ukwaju kwake kila wiki. Hajui."

Ndipo akamweleza Justa lililomfanya amwite. Shamba la mkonge lilipokufa, ardhi ya Kambi Tano waligawiwa wafanyakazi wa zamani kwa orodha ya vipande. Ekari tatu za familia, ambazo Raymond, kaka yake Justa, analima na kuishi na watoto wake watano, zilitoka kwa jina la Yordani Kapinga wa Mbinga. "Huyo mzee wako wa kwenye simu ndiye mtoto wa mwenye kadi. Sisi ni watoto wa nani? Nilimwapia baba kitandani pake kwamba halitatoka kinywani mwangu. Limetoka kwa ajili yako, kwa sababu unapenda kuandika. Na wewe utaapa."

Justa aliapa, punje za mahindi zikiwa bado kwenye kiganja.

Alipokuwa anaaga aliuliza, "Na Yordani mwenyewe amelala wapi?"

"Pale kwenye chuma."

Justa hakuhitaji kuuliza chuma gani. Nyuma ya nyumba ya Raymond, penye tuta la zamani la reli ya troli za mkonge, kulikuwa na kipisi cha reli kilichosimikwa ardhini. Walipokuwa watoto walifungia mbuzi hapo. Siku moja babu alimkuta Raymond anamfunga mbuzi, akamchapa kama hajawahi kumchapa mtu, na hakusema kosa lilikuwa nini.

Baada ya siku hiyo, kila aliyemsogelea Justa alimsogelea na kamba ya undugu. Denis alifungua kundi la WhatsApp, Kapinga Mbinga na Korogwe, na katika wiki mbili likawa na watu mia na arobaini. Asubuhi alipofungua simu alikuta salamu thelathini. Wadogo zake wapya walimtumia picha za vichanga, wakaomba awachagulie majina. Binamu mmoja aliandika kwamba tangu azaliwe hajawahi kuwa na shangazi, sasa amempata Grasiana, na angependa kusikia sauti yake. Grasiana akazima simu, akasema imeingia maji.

Raymond ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alinunua kitenge cha sare, cha maua ya njano, akakigawa nyumba kwa nyumba. "Unajua dada," alisema akiwa ameegemea mashine ya fotokopi, "mimi toka shule ya msingi naitwa mtu wa kuja. Mtu wa kuja, mtu wa kuja. Sasa nina nilikotoka. Waje waone." Kisha akamwangalia. "Mbona hufurahi? Au wafu wa watu wengine ndio watamu?"

"Nimechoka tu."

"Pumzika. Mzee anakuja mwezi wa sita, shule zikifungwa. Anataka udongo."

Ndivyo Elisha alivyokuwa amesema kwenye simu. Kwao, mtu akifia ugenini, mtoto wake huenda kuchota udongo wa kaburi, akaurudisha ukazikwe nyumbani pembeni ya mke wake, ndipo msiba huisha. Mama yake Elisha alikuwa na nafasi wazi ubavuni pake tangu mwaka sabini na tatu.

Kwa majuma yaliyobaki Justa alijipigia hesabu moja tu, akairudia akiwa jikoni, akiwa kanisani, akiwa anapanga karatasi. Akisema, Raymond anapoteza jina na huenda ardhi, shangazi anapoteza kiapo, mzee anapoteza kaburi. Akinyamaza, kila mtu anabaki na kitu. Udongo ni udongo, alijiambia. Mzee hataonja tofauti. Akawa hana raha kwa namna asiyoweza kumwambia mtu, maana wote aliozoea kuwaambia walikuwa ndani ya kundi lile.

Basi la wageni lilikuwa la Tanga, likawashusha Segera saa nne asubuhi, kati ya wauza machungwa na wauza korosho. Denis alishuka kwanza, mrefu, miwani mikubwa. Nyuma yake mzee Elisha, mdogo kuliko alivyoonekana kwenye simu, koti lile lile, kifuani amekumbatia mfuko wa kitambaa cheupe uliojaa.

"Shikamoo, baba mkubwa," Justa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Pokea. Ni kahawa ya shambani kwetu." Akamkabidhi mfuko. "Mkiimimina, mfuko nirudishieni. Ndio utakaobeba udongo."

"Baba mkubwa, Korogwe mifuko ipo," Raymond alisema akicheka, huku akimvisha shuka la kitenge mabegani.

"Mifuko yenu ina maandishi. Baba hakujua kusoma."

Walicheka wote, pamoja na muuza machungwa aliyekuwa akisikiliza.

Kambi Tano ilipikwa pilau. Kahawa ikamiminwa kwenye ndoo, na Justa akapewa mfuko aufue. Aliufua mara tatu. Mchana kutwa ulikaa kwenye kamba ukipepea, mtupu, mweupe, na kila alipotoka uani ulikuwa mbele yake. Shangazi Grasiana alifika na basi la Handeni jioni, kitenge cha sare hakukivaa. Elisha alimshika mikono yote miwili.

"Mdogo wangu," akasema. "Nimezeeka nikidhani sina dada."

Grasiana alimjibu shikamoo, akaingia jikoni, na hakutoka hadi wageni walipolala.

Asubuhi yake walikwenda kaburini, watu kama thelathini wenye maua ya njano. Msalaba wa saruji ulikuwa umepakwa chokaa upya: Yordani Kapinga, 1998, Pumzika kwa Amani. Raymond alisimamisha simu yake kwenye fimbo, akaelekeza kamera. Ukurasa wa Watoto wa Kipande ulikuwa hewani na watu mia sita walishaingia kutazama. Elisha alipiga magoti taratibu, Denis akimshika kiwiko. Hakuanza kuchota. Aliingiza mkono kwenye koti akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Soma," alimwambia Denis.

Denis alisoma. Ilikuwa barua iliyoandikwa na karani wa kambi, ya mwezi wa tisa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na saba. Yordani alimsalimu mkewe, akamsalimu Elisha, akauliza kama mtoto ameshaota meno mapya ya mbele. Alisema vimebaki vipande vitatu amalize mkataba, kisha anarudi. Basi.

Elisha alichukua karatasi yake, akauelekea msalaba kama mtu anayeongea na mwenzake mezani.

"Baba, hii ndiyo ya mwisho. Mama alingoja. Mwaka wa sitini na moja akarudi mtu wa kijiji cha jirani, alikuwa mkonge huku. Mama akamfuata kwa miguu, akamuuliza. Yule mtu akasema, Yordani yupo, mzima kabisa, nasikia jina lake likiitwa kila asubuhi uwanjani, naye anaitika. Mama akarudi nyumbani akavunja chungu alichokuwa amekuwekea pombe. Hakulia tena. Alikufa akijua ameachwa." Akapumua. "Na mimi nimekua hivyo, mtoto aliyeachwa. Nilioa nikiwa hivyo. Nimewapiga wanangu nikiwa hivyo. Sasa naona hapa, tisini na nane. Miaka arobaini na moja, baba. Hata salamu? Sikuja kukugombeza. Nimekuja kukusamehe, nikuchukue, ukalale naye, mkayamalize wenyewe."

Akakunjua mfuko.

Justa alikuwa amesimama nyuma yake na sahani ya mchanga wa kuotesha maua. Katika hesabu yake yote hakuwa ameliweka hili. Alikuwa amehesabu kaburi. Alidhani kunyamaza kunampa mzee baba. Kumbe kulikuwa kunamnyima baba aliyekuwa naye, aliyekufa miezi miwili baada ya kuuliza habari za meno.

"Raymond, zima simu."

"Tuko hewani, dada."

"Zima."

Alisema kwa sauti ndogo, na Raymond akazima.

"Baba mkubwa, usichote hapo."

"Justa," Grasiana akasema. Mara moja tu, kama mtu anayeita mtoto aliyekaribia moto.

Justa aliweka sahani chini. Alieleza akiwa amesimama, mikono haina mahali pa kukaa, na alieleza vibaya. Alianzia mwisho, akarudi kwenye njaa, akaruka, akarudi kwa nyapara. Alimtaja Sabiri. Alitaja alama kumi na tisa. Raymond alikuwa akitikisa kichwa toka mwanzo hadi mwisho kama anayekataa kupewa kitu.

"Unajua unachosema?" Raymond aliuliza alipomaliza. "Watoto wangu watano, Justa. Nyumba ile."

"Najua."

"Hujui. Wewe una steshenari."

Elisha hakuwasikia. "Alikufa lini?" aliuliza.

Justa alifungua mdomo, lakini aliyejibu ni Grasiana. Alikuwa amesogea, amekaa chini kwenye majani karibu na mzee, miguu ameinyoosha kama wanawake wanavyokaa msibani.

"Vuli ile ile. Mwezi wa kumi na moja. Homa siku tatu. Baba yangu alimnywesha maji kwa kifuu cha nazi, hakikuwapo kikombe. Akamzika kwa shuka lake yeye mwenyewe baba yangu, na hakuwa na jingine."

"Mwezi wa kumi na moja," Elisha alisema. Alihesabu kwa vidole kama mtoto. "Barua ni ya mwezi wa tisa."

"Ndiyo."

"Basi hakukaa kimya."

"Hakukaa kimya," Grasiana alisema. "Hakuwepo."

Mzee alikunja barua mara nne, akairudisha kifuani, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja. Ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyemsaidia. Alipoinua uso ulikuwa umelowa, lakini mdomo ulikuwa kama unataka kutabasamu usijue njia. "Yuko wapi?"

Walimpeleka kwenye chuma. Watu walifuata kwa mbali, bila wimbo. Kipisi cha reli kilikuwa kimeinama kidogo, kutu nyekundu, isipokuwa sehemu ya juu iliyolika na kung'aa. Elisha alipitisha kidole pale panapong'aa.

"Mbona pamelika hapa?"

Raymond akakohoa. "Kamba ya mbuzi. Tulikuwa tunafungia mbuzi, tukiwa wadogo. Hatukujua."

"Walikuwa wanono?"

"Ndiyo, walinona."

"Basi alikuwa na kampani," Elisha akasema, akapiga magoti, akaanza kuchimba kwa mikono. Udongo wa pale ulikuwa mwekundu na mgumu. Denis alitaka kuleta jembe, akakatazwa. Mzee alichota hadi mfuko ukajaa nusu, akaufunga kwa kitambaa cha kichwa alichopewa na Grasiana.

Njiani kurudi alisimama tena penye msalaba wa saruji. Alimtazama Sabiri ndani ya jina la baba yake, akafikiri.

"Nilikuja na msamaha," alisema, si kwa mtu fulani. "Wa kwangu ameonekana hana kosa. Siwezi kurudi nao Mbinga, ni mzito. Huyu alimzika." Akainama, akang'oa jani moja lililoota juu ya kaburi. Hakufanya zaidi ya hapo.

Mchana ule hakuna aliyegusa mabaki ya pilau. Raymond alimfuata mzee barazani akamuuliza habari ya ekari tatu, waziwazi, maana hakujua njia ya kuzunguka. Elisha alimjibu waziwazi vilevile. "La shamba sijibu leo. Nyumbani kuna ndugu zangu wawili wa mama mmoja. Tutakaa, tutaongea, Denis atakupigia." Raymond akaitikia kwa kichwa. Toka hapo hakuzungumza na Justa, na hata kwenye gari la kurudi Segera alikaa mbele na dereva.

Grasiana aliondoka na basi la Handeni bila kuaga vizuri. Alipokuwa anapanda aligeuka. "Sasa mimi nitapitaje gulioni?" akamuuliza Justa. Mlango ukafungwa.

Segera, wakingoja basi, Justa alimnunulia mzee machungwa. "Mzee, haya ni ya njiani."

"Umeanza lini kuniita mzee?"

"Sijui nikuite nani."

Elisha alilifikiria hilo akiwa ameupakata mfuko. "Hata mimi sijui. Endelea na lile ulilozoea, mpaka tupate jingine."

Basi lilipowachukua, alipunga mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umeshika fundo la kitambaa.

Jumatatu Justa alifungua steshenari. Juu ya mlango fundi alishaandika zamani, kwa rangi ya bluu, Kapinga Steshenari. Kitambulisho chake kilisema Kapinga, vyeti vya wanawe vilisema Kapinga, leseni iliyotundikwa ukutani ilisema Kapinga. Kwenye ukurasa watu mia nne walikuwa wameuliza kwa nini video ilikatika. Wengine walishatuma pongezi: hongereni ukoo wa Kapinga kwa kuonana.

Chini ya picha ya kadi aliandika kwamba mwenye kipande hiki alifariki mwaka 1957, akazikwa Kambi Tano, na mwanawe amemchukua. Kisha akaanza habari mpya. Hakuwa na kadi ya kupiga picha safari hii, wala picha. Aliandika kwa maneno yale yale aliyowaandikia wengine wote: Sabiri, mtoto wa Mhina, kwao Handeni. Alikuja mkonge wakati wa njaa. Hakurudi. Mwenye kumfahamu aseme.

Aliisoma. Alimfikiria Munira na ungo wake wa ukwaju, na shangazi akisimama mbele ya ungo huo. Alimfikiria Raymond. Kidole kilikaa juu ya kioo hadi taa ya simu ikafifia, akaigusa iwake, ikafifia tena.

Nje mteja alikuwa amesimama juani na fomu mkononi, akichungulia, macho hayajazoea giza la ndani.

"Kapinga," akaita. "Kapinga, upo?"

Justa alibonyeza kutuma, akailaza simu kifudifudi juu ya mashine.

"Nipo," akaitika.